Nani hugharamia ufalme wa Buganda? Tofali, kanzu na busuulu

Kila ufikapo mwezi wa nne, redio za Kiganda zinazosikika hadi huku kwetu hujaa tangazo moja: nunua fulana ya mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka. Watu wanainunua kwa maelfu. Wengine hukimbia katika mitaa ya Kampala, wengine huivaa na kukimbia vijijini kwao, na pesa inayopatikana huelekezwa kwenye afya: fistula, selimundu, na miaka ya karibuni mapambano dhidi ya UKIMWI. Matangazo hayo yakianza tu, wasikilizaji wetu hutuuliza swali lile lile. Mfalme asiye na jeshi, asiyekusanya kodi na asiyepigiwa kura anaendesha shughuli zake kwa pesa ya nani? Na wananchi wa kawaida wa kule wanalionaje?

Kwa wengi wenu swali hili lina ndugu ndani yake. Tangu enzi za mkoloni, watu wa Kagera, Rwanda na Burundi walivuka kwenda Buganda kutafuta kazi kwenye mashamba ya pamba na kahawa, na si wote waliorudi. Wajukuu wao leo wako Rakai, Kyotera na Masaka, na baadhi yao wamejenga kwenye ardhi ya Kabaka. Tumeona tulieleze jambo hili kwa maandishi, ili msomaji alisome taratibu na kurudia anapotaka.

Katiba inasema nini

Uganda ni jamhuri. Ina rais, bunge na mahakama, na wafalme wake hawatawali. Falme zilifutwa na katiba ya mwaka 1967, zikarudishwa mwaka 1993, na tarehe 31 Julai mwaka huo Ronald Muwenda Mutebi II akatawazwa kuwa Kabaka wa Buganda katika kilima cha Naggalabi, Buddo.

Katiba ya mwaka 1995 ikaweka masharti katika ibara ya 246. Kiongozi wa jadi anaruhusiwa kuwepo pale watu wa eneo hilo wanapomtaka. Anaweza kumiliki mali kwa niaba yake na ya watu wake. Haruhusiwi kushiriki siasa za vyama wala kushika madaraka ya serikali. Na lipo sharti linalogusa mada yetu moja kwa moja: hakuna mtu atakayelazimishwa kumtii kiongozi wa jadi au kuchangia gharama za kumtunza.

Sharti hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Uingereza, ambayo ndiyo mfano unaowajia wengi tukisema mfalme, hutenga fungu la mfalme wake kila mwaka kwa sheria ya bunge, mwananchi apende asipende. Kwa Buganda, mchango ni hiari. Mtu akisema hatoi hata senti, hakuna askari wa kumfuata. Hapo ndipo wengi huishia wanapoeleza habari hii. Sisi tunaona ndipo inapoanzia, kwa sababu tegemeo kubwa la ufalme ni ardhi, na anayeishi juu ya ardhi ya mwingine hana hiari kama ya anayenunua fulana.

Tulikotoka: rupia 3 na maili 350

Tarehe 10 Machi 1900 Waingereza na wakuu wa Buganda walisaini mkataba. Kabaka wa wakati huo, Daudi Chwa, alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Waliosaini kwa niaba yake ni walezi wa kiti, akiwemo Katikkiro, yaani waziri mkuu wa ufalme, Apolo Kagwa. Mkataba uliweka kodi ya rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba, na ukamhakikishia Kabaka posho ya pauni 1,500 kwa mwaka. Kwa hiyo mfalme wa wakati wa mkoloni aliendeshwa na mfumo uliokula kodi ya nyumba ya mkulima, na wakati huo hakuna aliyemuuliza mkulima kama anataka.

Lakini posho haikuwa kitu ukilinganisha na ardhi. Mkataba uligawa nchi kwa maili za mraba. Kabaka alipata maili 350. Machifu na watu wengine binafsi walipata maili 8,000. Maili 9,000 zikachukuliwa na serikali ya Kiingereza. Kutokana na mgawo huo ardhi hiyo inaitwa mailo hadi leo, na neno lenyewe ni maili tunayoijua sisi.

Wakulima waliokuwa wakiishi hapo waliamka na kukuta wamekuwa wapangaji. Walitakiwa kulipa busuulu, ambayo ni kodi ya mwaka ya kukaa kwenye ardhi, na envujjo, ambayo ni sehemu ya mazao na pombe. Pamba ilipoanza kuleta pesa, wenye ardhi wakaongeza madai. Malalamiko yakawa makubwa hadi ikatungwa sheria ya mwaka 1927, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ikiweka busuulu kuwa shilingi 10 kwa mwaka na kuzuia kumfukuza mkulima ovyo. Tukumbuke pia luwalo, kazi ya bure ya kama mwezi mmoja kwa mwaka ambayo kila mwanamume alipaswa kuifanya kwenye barabara na majengo ya utawala. Neno hilo litarudi hapa chini likiwa na sura nyingine.

Yaliyofuata baada ya uhuru wengi mnayajua. Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yalivamia ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Mali za ufalme zikachukuliwa na serikali. Bulange, jengo la bunge la ufalme, likawa makao ya wizara ya ulinzi, na ikulu ikawa kambi ya jeshi. Ndiyo maana falme ziliporudi mwaka 1993, kilio cha Waganda kilikuwa neno moja, ebyaffe, yaani vitu vyetu. Serikali imerudisha mali hizo kidogo kidogo. Baada ya makubaliano ya mwaka 2013 kati ya Rais Yoweri Museveni na Kabaka, ufalme ulirudishiwa hati 213 za ardhi.

Pesa inayotolewa kwa moyo

Tarehe 16 Machi 2010 usiku, makaburi ya wafalme yaliyoko Kasubi yaliungua. Nyumba ile kubwa ya nyasi ilikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na ndani yake wamelala makabaka wanne. Watu walilia barabarani. Kesho yake Rais alipokwenda kutazama, umati ulijaribu kumzuia, askari wakafyatua risasi na watu wakafa. Hasira ile ilikuwa na mzizi wa karibu: Septemba 2009 serikali ilikuwa imezuia ziara ya Kabaka wilayani Kayunga, zikatokea ghasia zilizoua zaidi ya watu 20, na redio ya ufalme, CBS, ikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Mwaka 2013 Katikkiro mpya, Charles Peter Mayiga, alianzisha harambee aliyoiita Ettoffaali, yaani tofali. Alizunguka wilaya kwa wilaya. Mtu alitoa alichonacho akapewa cheti, na waliokosa pesa walileta ndizi, kahawa, mbuzi na kuku, vikapigwa mnada papo hapo. Walitoa matajiri wa Kampala na walitoa bibi wa vijijini wenye migomba kumi. Pesa zilikwenda kwenye ujenzi wa Kasubi na kumalizia jengo la Masengere pale Mengo. Kazi ya Kasubi ilichukua miaka mingi, kwa sababu nyumba ile haijengwi na fundi yeyote tu. Kuna ukoo wenye kazi ya kuezeka na mingine yenye kazi zake. Mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Na luwalo? Leo ni mchango wa hiari. Watu wa masaza, yaani majimbo 18 ya ufalme, hupanga zamu, hukodi mabasi, huvaa kanzu na gomesi zao, wakaenda Bulange kumkabidhi Katikkiro walichokusanya. Jina lililokuwa la kazi ya kulazimishwa limekuwa jina la safari ambayo watu huifanya wakiimba. Hatusemi machungu ya zamani yamesahaulika. Tunasema kwamba ufalme ulipopoteza uwezo wa kulazimisha, ulijifunza kuomba, na watu walioombwa walitoa.

Ongeza hapo biashara za ufalme, ikiwemo redio, pamoja na kodi za majengo na udhamini wa kampuni za simu na vinywaji kwenye mbio na kwenye mpira wa masaza, na unapata sehemu moja ya mfuko.

Pesa inayotoka ardhini

Sehemu nyingine iko chini ya miguu ya watu. Hapa msomaji wa Kagera awe makini na neno kibanja. Kwetu kibanja ni shamba la migomba la ukoo, lenye makaburi ya babu zetu na mipaka inayojulikana. Buganda kibanja ni haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ambayo hati yake ina jina la mtu mwingine. Nyumba ni yako, kahawa ni yako, ardhi si yako. Kama mwenye hati ni Kabaka, unayeshughulika naye ni Buganda Land Board, kampuni ya ufalme inayosimamia ardhi hiyo.

Busuulu yenyewe ni ndogo. Kwa kanuni za mwaka 2011, kijijini ni shilingi 5,000 za Uganda kwa mwaka, na katika jiji shilingi 50,000. Elfu tano haitoshi kununua kuku. Mwenye kibanja akilalamika mbele yetu, kwa kawaida halalamikii busuulu.

Analalamikia kinachoambatana nayo. Kwanza ni kanzu. Unapouza kibanja, mnunuzi au muuzaji anatakiwa kumpa mwenye ardhi zawadi ya kutambuliwa. Zamani ilikuwa kanzu kweli, vazi. Siku hizi ni pesa, na mara nyingi hutajwa kuwa sehemu ya kumi ya bei ya kibanja. Kwa familia inayouza nusu eka ili kulipia hospitali, sehemu ya kumi inauma. Kisha kuna gharama za kuandikishwa na za wapima ardhi.

Mwaka 2017 ukaja mpango wa Kyapa mu Ngalo, maana yake hati mkononi. Ufalme ulimwambia mwenye kibanja kwamba anaweza kubadilisha haki yake kuwa hati ya upangaji wa miaka 49, akaitumia hata kukopa benki. Mabishano yalikuwa makali, tena miongoni mwa Waganda wenyewe, wakiwemo wanasheria na wanasiasa. Wapinzani waliuliza: mtu ambaye sheria inamlinda yeye na watoto wake bila kikomo, kwa nini alipe pesa apewe haki yenye tarehe ya kuisha? Ufalme ulijibu kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba kibanja bila karatasi ndicho kinachoporwa na matapeli. Tukisoma hoja za pande zote mbili tunaona kila upande una jambo. Karatasi ni kinga, na miaka 49 si mingi kwa mtu anayepanda mibuni.

Watu wanasemaje

Hatuna kura ya maoni ya kuwaonyesha, wala hatutaki kubuni asilimia. Tunaeleza misimamo inayosikika, hata hapa Mutukula kwenye foleni ya malori.

Wapo ambao kwao swali la gharama halina maana. Kabaka ni kichwa cha koo zote. Kumchangia ni sawa na kuchangia msiba au harusi ya ukoo, na hakuna anayeuliza risiti msibani. Hawa huongeza hoja nzito: pesa ya serikali inaliwa na wakubwa tusiwaone tena, lakini tofali la Katikkiro tumeona limejenga nini. Mganda wa kijijini anaweza kumchukia mkusanya kodi wa halmashauri na siku hiyo hiyo akampeleka mbuzi Bulange kwa furaha, bila kuona kwamba amejipinga.

Wapo wenye vibanja ambao wanampenda Kabaka na hawaipendi ofisi yake ya ardhi. Huu ndio msimamo unaotuvutia zaidi, kwa sababu wenyewe hawauoni kuwa una utata. Watakuambia Kabaka hajui, ni hawa vijana wa ofisini. Lawama huishia kwa watumishi na kiti hubaki safi. Tunadhani ni njia ya watu ya kulalamika bila kujitoa kwenye ufalme, na ofisi ya ardhi ingefanya vizuri kuisikiliza, maana heshima ya aina hiyo ina mahali inapokatika.

Wapo wasio Waganda, Wanyankole, Wanyarwanda, Wahaya na wengine, waliozaliwa Buganda na kulipa busuulu kwa kabaka ambaye si wa kabila lao. Kwao hakuna ngoma wala machozi katika jambo hili. Wanaona mwenye ardhi kama mwenye ardhi yeyote. Wengine husema ni afadhali Kabaka kuliko tajiri mmoja aliyenunua hati juu ya vichwa vyao, kwa kuwa ufalme unaogopa jina lake kuchafuka na tajiri haogopi.

Na wapo wanaotaka mfumo wote wa mailo ufutwe. Tume ya uchunguzi wa mambo ya ardhi, iliyoongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire, iliugusa, na mwaka 2021 Rais Museveni mwenyewe aliushambulia hadharani. Mengo ikajibu kwamba hilo ni shambulio dhidi ya Buganda. Mwenye kibanja akabaki katikati: anatamani ardhi iwe yake, ila hana hakika kwamba wanaosema watamkomboa hawataishia kuichukua wao.

Msisahau kwamba Buganda si Uganda nzima. Ankole hawakurudishiwa mfalme, na wengi huko hawakumtaka, kwa kukumbuka ubaguzi kati ya Bahima na Bairu. Bunyoro inatazama mafuta ya Ziwa Albert, kwa sababu sheria ya fedha za umma ya mwaka 2015 imetenga asilimia 1 ya mrabaha wa serikali kuu kwa taasisi za jadi zinazotambuliwa. Na kwa sheria ya mwaka 2011, kiongozi wa jadi anayetambuliwa hupewa na serikali posho ya shilingi milioni 5 za Uganda kwa mwezi, pamoja na gari. Hiyo ni kodi ya kila mtu, hata wa wilaya isiyo na mfalme, na wapo wanaouliza kama mfalme anayelipwa na serikali anaweza kuikemea.

Kwetu ilikwendaje

Vijana wetu huuliza kwa nini sisi hatuna haya. Tulikuwa nayo. Buhaya ilikuwa na Abakama wake na ilikuwa na nyarubanja, ambapo mkulima alikaa kwenye shamba la mkubwa na kumtolea sehemu ya mavuno. Tanganyika ilifuta uchifu kama chombo cha utawala mwaka 1963, na sheria za miaka hiyo ya 1960 zikafuta nyarubanja, aliyekuwa mpangaji akabaki na shamba. Leo ardhi yetu ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwanakijiji anaweza kupata hatimiliki ya kimila kwa sheria ya mwaka 1999. Migogoro tunayo, hilo mnalijua kuliko sisi. Lakini anayeuza shamba lake Muleba hadaiwi kanzu ya mfalme.

Kwa wenye ndugu ng'ambo

Kama una ndugu mwenye kibanja Buganda, mambo haya yamo katika sheria ya ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 na marekebisho yake ya mwaka 2010. Mwenye kibanja halali hafukuzwi kwa sababu nyingine isipokuwa kutolipa busuulu, na hata hapo lazima iwepo amri ya mahakama, na amri hiyo impe muda usiopungua miezi sita. Anayetaka kuuza kibanja anapaswa kumpa mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na mwenye ardhi naye akiuza anapaswa kumpa aliyekaa juu yake nafasi hiyo hiyo. Basi alipe busuulu kila mwaka, adai risiti yenye jina lake, na azitunze zote, za zamani na za sasa. Akifiwa na aliyeandikishwa, warithi waende ofisini kubadilisha jina mapema, kabla hajatokea mtu mwingine na karatasi.